Je, wajua kwa nini jina la African Jazz, bendi ya Kongo, lilichapwa mara mbili kwenye santuri moja?

Babu yangu mzaa mama, pale Ujiji, alikuwa na sanduku la mbao lililojaa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Sisi wajukuu tulifundishwa kuzishika kwa ukingo, bila kugusa mifereji. Kwa kuwa ndiyo kwanza nilikuwa nimejua kusoma, nilisoma kila kitu, na kwenye santuri cha kusoma ni kimoja tu: ile karatasi ya duara katikati. Juu yake limechapwa jina la kampuni iliyoitoa. Chini yake wimbo, mtunzi na bendi.

Siku moja nikakuta santuri ambayo juu imeandikwa Surboum African Jazz, na chini, mahali pa bendi, African Jazz tena. Nikadhani mchapaji kakosea. Nikampelekea babu. Akaitazama, akanirudishia na kusema: "Hakukosea. Hapo mwenye bendi ndiye mwenye duka."

Ilinichukua miaka kuelewa uzito wa jibu hilo.

Mwenye bendi alikuwa Joseph Kabasele, ambaye mashabiki walimwita Grand Kallé. Alizaliwa Matadi mwaka 1930, akakulia Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Alianzia kwenye kwaya ya kanisa, na ukimsikiliza utalisadiki hilo bila kuambiwa: sauti yake ni laini, haisukumwi, inatua juu ya gitaa kama mtu anayeketi kwenye kiti anachokijua. Mwaka 1953 akaunda African Jazz. Ndani ya bendi hiyo alipita Nico Kasanda, mpiga gitaa la solo aliyekuja kuitwa Docteur Nico, pamoja na kaka yake Déchaud kwenye rizimu. Mwaka 1959 akaingia kijana mwimbaji, Tabu Ley, aliyejulikana kwa jina la Rochereau.

Sasa, kabla ya Kabasele, juu ya ile karatasi kulikuwa na jina la nani? La mfanyabiashara. Baada ya Vita Kuu ya Pili, biashara ya santuri Léopoldville ilishikwa na wenye maduka waliotoka Ulaya, wengi wao Wagiriki. Nicolas Jéronimidis alianzisha Ngoma mwaka 1948. Ikafuata Opika ya ndugu wa ukoo wa Benatar, Loningisa ya Papadimitriou, na baadaye Esengo. Kampuni ilikuwa na studio na mashine ya kurekodia. Mara nyingi hata gitaa na ngoma zilikuwa zake, na mlango wa mbele ulikuwa duka la kuuzia santuri zenyewe. Mwanamuziki aliingia na sauti yake na vidole vyake, akaimba, akapewa malipo yake, akatoka. Kilichobaki ndani ni tepu ya asili, ile ambayo santuri zote hutokana nayo.

Hapo ndipo penye siri ya mambo yote. Aliyeishika tepu ya asili anaweza kuchapa nakala mia leo, elfu mwakani, na nyingine baada ya mwimbaji kufa. Mwimbaji anabaki na sifa tu, na sifa hainunui gitaa.

Kabasele alipitia mikono ya Opika, kisha Esengo. Alikuwa nyota mkubwa kuliko wote mjini na bado jina lake lilikaa chini ya karatasi. Kilichombadilishia hali ni safari. Januari 1960 viongozi wa Kongo waliitwa Brussels kwenye mkutano wa meza ya duara kuzungumzia uhuru, na Thomas Kanza akaialika African Jazz iende kuwatumbuiza. Kwa safari hiyo bendi ilichukua wanamuziki wawili kutoka bendi ya OK Jazz, Vicky Longomba na Brazzos. Tarehe ya uhuru, Juni 30, 1960, ilikubaliwa mwishoni mwa Januari, na Kabasele akaimba wimbo ambao hadi leo unapigwa kila panapotajwa miaka ya uhuru wa Afrika, "Indépendance Cha Cha", ndani yake akiwataja kwa majina wanasiasa waliokuwa mezani, Kasavubu, Lumumba, Tshombe na wengine. Wazee wengi wa Kigoma wanauimba wote bila kujua Kilingala, wakizikamata silabi kwa masikio tu. Mimi pia nauimba hivyo hivyo.

Lakini kwa swali letu, muhimu ni kitu alichokikuta Brussels nje ya ukumbi wa mkutano. Huko kulikuwa na studio bora kuliko za Léopoldville, na viwanda vya kuchapa santuri ambavyo vilikuwa tayari kumchapia yeyote mwenye tepu na makubaliano. Kabasele akaona kwamba mfanyabiashara wa katikati anaweza kurukwa. Mwaka huohuo 1960 akaanzisha lebo yake, yaani kampuni yake mwenyewe ya kutoa santuri, Surboum African Jazz. Surboum ni neno la vijana wa Ufaransa wa enzi hizo, maana yake karamu ya kucheza dansi nyumbani. Yeye ndiye Mkongo wa kwanza anayekumbukwa kwa kumiliki lebo ya santuri. Karatasi ikabadilika: juu yeye, chini yeye. Ndilo jibu la swali langu la utotoni.

Na hakuishia kujitolea santuri zake. OK Jazz ya Franco, bendi iliyogombea naye mashabiki wa mji mmoja, nayo ilirekodi chini ya Surboum African Jazz. Naipenda sana sehemu hii ya habari yake. Mtu amepata ufunguo wa mlango, na mshindani wake anampitisha mlango huohuo. Brussels pia ndiko alikokutana na Manu Dibango, mpiga saksafoni kutoka Kamerun, akamchukua hadi Léopoldville mwaka 1961. Kwa lugha ya leo tungesema Kabasele alikuwa prodyuza: anachagua nani arekodi, analipia studio, anatafuta kiwanda, anabeba hasara kama santuri haikuuzika.

Namna santuri hizo na sauti zake zilivyofika mwisho wa reli haishangazi kwa anayeijua Kigoma. Ng'ambo ya ziwa ni Kalemie, ambayo wakati huo iliitwa Albertville, na tangu mkataba wa mwaka 1921 Wabelgiji walikuwa na eneo lao kwenye bandari ya Kigoma la kupitishia mizigo ya Kongo. Ujiji yenyewe imejaa Wamanyema, ambao asili yao ni huko ng'ambo. Kalemie wanazungumza Kiswahili. Redio za Léopoldville na Brazzaville zilikuwa na mitambo mikubwa, na usiku mawimbi hayakuuliza pasipoti. Mtu wa Dar es Salaam aliuona muziki wa Kongo kama wa wageni. Kwetu ulikuwa wa jirani ambaye dagaa wake na wetu wanatoka ziwa moja.

Sasa panda treni hadi Tabora, maana huko swali linageuka.

Tabora ilikuwa na dansi lake, na zuri. Kulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz na mtindo wake wa Segere Matata. Hata Western Jazz ya Dar es Salaam ilipata jina lake kwa sababu mwanzilishi wake, Iddi Nhende, alitoka huku magharibi. Tabora ni njia panda ya reli, tawi la Mwanza na la Kigoma yanakutana pale, na kila treni ilishusha watu wenye masikio mapya. Vipaji vilikuwepo. Kwa nini basi hakutokea Kabasele wa Tabora, mwimbaji ambaye jina lake linakaa juu ya karatasi?

Naona sababu mbili, na zote zinahusu umiliki. Ya kwanza ni vyombo. Kwetu mwanamuziki wa dansi kwa kawaida hakuwa na gitaa lake. Vyombo vilikuwa vya klabu, au vya tajiri mmoja ambaye kila mtu alimwita mwenye vyombo, au vya taasisi ya umma, kama ilivyokuwa NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi iliyoundwa mwaka 1964. Mpigaji akihama bendi, gitaa linabaki ukutani. Kazi ya umma ilikuwa na faida yake, sikatai, maana mshahara ulikuja hata mwezi ambao ukumbi haukujaa. Kabasele hakuwa na uhakika huo hata siku moja.

Sababu ya pili ni tepu. Bendi zetu zilirekodi katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, na tepu zikabaki maktabani kwake. Tuishukuru redio kwa hilo, kwani bila maktaba ile nyimbo nyingi za Tabora zingekuwa zimepotea kabisa. Ila tepu ya redio inatangazwa, haiuzwi. Kiwanda cha kuchapa santuri hapa nchini hakikuwepo, hivyo aliyetaka santuri alielekea Kenya, kwenye kampuni za huko. Kampuni ya Filamu Tanzania ilipoanza kurekodi miaka ya 1970, tepu nazo zilihitaji kwenda Kenya kuchapwa, na mpaka ulifungwa mwaka 1977 hadi 1983. Ndani ya sanduku la babu santuri za bendi zetu zipo. Chini ya karatasi kuna jina la bendi ya Tanzania, juu kuna jina la kampuni ya Nairobi.

Tusimfanye Kabasele malaika, lakini. Kuwa mwenye duka kulimletea yale yale ambayo wenye duka wa zamani walilaumiwa kwayo. Mwaka 1963 Rochereau, Docteur Nico, Roger Izeidi na wengine walimwacha wakaunda African Fiesta, na fedha ilikuwa kiini cha ugomvi. Waliona bendi inasafiri, santuri zinauzika, na mgao haufanani na jasho. Kabasele aliijenga tena bendi, baadaye akawa Paris na African Team pamoja na Manu Dibango, lakini kikosi kile hakikurudi. Alifariki Kinshasa Februari 11, 1983.

Waliotoka kwake waliondoka na somo mfukoni. Tabu Ley alitumbuiza kwenye ukumbi wa Olympia, Paris, mwaka 1970, akamiliki lebo zake, na miaka ya 1980 akamtoa Mbilia Bel kupitia lebo yake ya Genidia. Franco naye alianzisha zake. Verckys, mpiga saksafoni wa OK Jazz, akafungua Vévé na kuzilea bendi za vijana. Ndani ya miaka kumi na kidogo jina la juu ya karatasi lilikuwa limehamia kwa wanamuziki wenyewe.

Huku kwetu hatua hiyo ilichelewa, ikafika wakati santuri zimeshakwisha. Diamond Platnumz, ambaye asili yake ni Kigoma ingawa alizaliwa na kukulia Dar es Salaam, ni mwimbaji mwenye lebo yake, WCB Wasafi, na chini yake wametoka wengine. Harmonize aliondoka mwaka 2019 akajenga Konde Gang. Rayvanny akaondoka mwaka 2022 akiwa tayari na Next Level Music. Vijana wa Mwanga na Kibirizi, hapa Kigoma, walibishana vijiweni kama jambo hilo halijawahi kutokea duniani, nami nilikaa nikiwasikiliza huku nikiukumbuka mwaka 1963 na sanduku la babu.

Kama nyumbani kwenu kuna santuri za zamani, usianzie na jina la wimbo. Shika ukingo, peleka karatasi kwenye mwanga, usome kwanza lililochapwa juu.