Je, wajua kwa nini waombaji wa udaktari wa meno Marekani hupewa mtihani wa kukunja karatasi?

Chukua karatasi ya mraba. Ikunje katikati, ikunje tena iwe mraba mdogo, kisha itoboe tundu moja karibu na pembe. Kabla hujaikunjua, sema: matundu yatakuwa mangapi, na yatakaa wapi?

Nchini Marekani, anayeomba kusomea udaktari wa meno hukutana na maswali ya aina hiyo, na karatasi yenyewe haishiki mkononi. Anaiona imechorwa kwenye skrini. Anayeomba udaktari wa binadamu haulizwi hata moja.

Kwetu Tanzania mwenye tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) huomba kozi yoyote kati ya hizo kwa matokeo yake ya kidato cha sita. Wamarekani kwa kawaida humaliza kwanza shahada ya chuo, kisha hufanya mtihani wa kuombea nafasi. Wa madaktari, MCAT, hula takriban saa saba na nusu pamoja na mapumziko: biolojia, kemia, fizikia, ufahamu wa vifungu virefu, na tangu 2015 saikolojia na sosholojia. Wa meno, DAT, hauna fizikia. Badala yake una sehemu nzima ya maumbo, maswali 90 kwa dakika 60. Sekunde 40 kwa swali! Kuna kupanga pembe kuanzia ndogo hadi kubwa, nazo zimekaribiana mno, na kuna kuhesabu pande zilizopakwa rangi kwenye rundo la michemraba.

Sababu utaiona ukimtazama daktari wa meno akiwa kazini. Magego ya juu hawezi kuyaona vizuri moja kwa moja, kwa hiyo hutazama kioo kidogo huku mkono mwingine umeshika mashine ya kutobolea, na picha ya kioo imegeuka. Enameli, hata pale ilipo nene, ni kama milimita 2.5 tu. Ukizidisha kuchimba unaikaribia neva, na mgonjwa atakuambia.

Zamani walipima mkono wenyewe. Hadi 1972 mwombaji alipewa kipande cha chaki na kisu, achonge umbo kwa vipimo alivyopewa. Kanada waliendelea na uchongaji wa sabuni kwa miaka mingi baada ya hapo.

Lakini daktari wa upasuaji naye si hutumia mikono? Hutumia, ila baada ya kuhitimu hukaa miaka mitano au zaidi chini ya mabingwa, na asiye na mkono mwepesi anaweza kuelekea magonjwa ya akili au ya watoto. Wa meno, akimaliza miaka minne na kupata leseni, katika majimbo mengi anaweza kuanza kutibu peke yake. New York, kwa mfano, humdai mwaka mmoja zaidi wa mafunzo. Chujio la baadaye halipo, basi wanachuja mlangoni.

Ndiyo maana inaniuma nikisikia watu wakisema eti daktari wa meno ni yule aliyekosa udaktari. Wapo wengi wenye alama nzuri za biolojia ambao sehemu ya maumbo ingewatoa jasho.

Haya, kunjua karatasi yako. Kama ulitoboa karibu na pembe yenye mikunjo miwili, matundu manne yamejikusanya katikati. Kama ulitoboa pembe iliyo mkabala nayo, kila pembe ya karatasi ina tundu lake.