Je, wajua kwa nini ndururu, peni na sumni zilitoweka mifukoni?

Mwambie kijana wa Majengo au Kongowea akutafutie ndururu, hatajua aanzie wapi. Ndururu ni senti 5. Peni ni senti 10, na sumni ni senti 50, yaani nusu shilingi. Wazee wetu wa Mombasa walitumwa dukani na sarafu hizi wakarudi na kitu mkononi. Sasa hata shilingi moja yenyewe, ukimpa makanga wa matatu, huigeuzageuza kabla ya kuipokea.

Wengi huamini kwamba sarafu hufa kwa amri ya serikali. Kuna fedha zinazoondoka hivyo, kweli. Noti za zamani za shilingi 1,000 zilitangaziwa mwisho wao tarehe 1 Juni 2019, na ilipofika Oktoba mosi mwaka huohuo hazikuwa halali tena. Sumni haikuondoka kwa njia hiyo. Mwaka 2005 Benki Kuu ya Kenya iliitoa upya, yenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta, ikang'aa vizuri, na bado haikupata kazi sokoni. Serikali ilitaka iishi, wauzaji na wanunuzi wakawa wamekwisha kuiacha. Kilichoiua ni bei.

Sarafu huishi maadamu kuna kitu kinachouzwa kwa thamani yake, au bei mbili zinazopishana kwa kiasi hicho. Muuza kahawa chungu pale Mji wa Kale akitaka kupandisha bei ya kikombe, haongezi sumni. Huongeza shilingi tano, kwa sababu ndicho kiasi anachoweza kukipokea na kukirudishia chenji bila kumsimamisha mteja. Nauli za matatu nazo hupanda kwa kumi kumi. Hatua za bei zikishakuwa za tano na kumi, kila sarafu iliyo chini ya hapo hubaki bila kazi, hata kama sheria bado inaitambua.

Turudi nyuma kidogo. Kenya ilianza kutumia shilingi yake tarehe 14 Septemba 1966, badala ya ile ya Afrika Mashariki tuliyokuwa tukiitumia pamoja na majirani. Sarafu zilikuwa za senti 5, 10, 25 na 50, na za shilingi 1 na 2. Mbili katika hizo hazikufika mbali: ya senti 25 haikutengenezwa tena baada ya 1969, na ya shilingi 2 ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hizi hazikuangushwa na kupanda kwa bei. Kwa maoni yangu, zilikosa nafasi tu. Peni mbili na ndururu moja zilitosha kufanya senti 25, na watu waliozoea kuhesabu kwa tano, kumi na hamsini hawakuwa na haja ya kituo kingine katikati.

Ndururu ilidumu zaidi, ikaacha kutengenezwa 1991. Kisha ukaja mwaka ambao waliokuwa na familia za kulisha hawausahau. Mwaka 1993 bei nchini zilipanda kwa takriban asilimia 46. Kwa kasi hiyo fedha hupoteza nusu ya nguvu yake kwa muda usiofika miaka miwili. Senti kumi iliyokuwa ikinunua kidogo mwaka 1990 ilikuwa hainunui chochote miaka mitano baadaye. Mshahara ulipanda polepole, unga na mafuta ya taa vikapanda mbio, na peni ikapotelea katikati.

Kuna na hesabu ya metali, ambayo watu hawaizungumzii sana. Peni ya 1966 ilikuwa kubwa kuliko shilingi! Ilikuwa na uzito wa gramu 9, shilingi ikiwa na gramu 7.8 hivi, na sehemu kubwa ya peni ilikuwa shaba. Bei za vitu zikipanda, bei ya shaba haibaki nyuma, lakini nambari iliyoandikwa juu ya sarafu haibadiliki kamwe. Kwa bei za shaba za miaka hii, metali iliyo ndani ya peni moja ya zamani inaipita shilingi nzima kwa mbali. Hakuna benki kuu inayoweza kuendelea kutengeneza kitu cha senti kumi kwa gharama ya namna hiyo. Ndiyo maana katikati ya miaka ya 1990 sarafu ndogo zilihamishiwa kwenye chuma kilichofunikwa kwa tabaka jembamba la shaba au nikeli. Zikawa nyepesi na rahisi kutengeneza, lakini hilo halikuzirudishia uwezo wa kununua.

Utazame mfumo mzima kama ngazi inayovutwa juu: vidato vya chini huondolewa, na vya juu hushuka kuchukua nafasi yao. Shilingi 5 ilikuwa noti, mwaka 1985 ikawa sarafu. Shilingi 10 ikafuata 1994, mwaka uleule ilipotoka noti ya 1,000, na shilingi 20 ikawa sarafu 1998. Noti ndogo hupita mikono mingi kwa siku, hasa mikono yenye samaki na jasho kama ya soko letu, huchakaa upesi na kugharimu kuchapwa tena na tena. Sarafu hudumu miaka mingi. Desemba 2018 zilipotoka sarafu mpya zenye twiga, faru, simba na ndovu, zilianzia shilingi 1. Sumni haikuwemo.

Sarafu ndogo ina udhaifu mwingine: husafiri upande mmoja tu. Hutoka benki, huenda dukani, hupewa mnunuzi kama chenji, naye huitupa kwenye kikopo nyumbani na haitoki tena. Benki hulazimika kutoa nyingine. Mombasa kuna mkondo mmoja unaozirudisha mtaani. Siku ya Ijumaa wenye maduka huweka sarafu tayari kwa ajili ya maskini wanaopita mlango hadi mlango, na shilingi moja moja bado huonekana hapo. Sadaka imeipa shilingi umri ambao biashara peke yake isingeupa.

Nani hulipa sarafu inapoondoka? Hili ndilo linalonigusa zaidi. Mwenye kununua gunia la mchele haoni tofauti ya senti hamsini. Mama anayenunua kidogo kidogo, mafuta ya kupimiwa na majani ya chai ya pakiti ndogo, ndiye anayepandishiwa bei hadi shilingi kamili kila mara, au kupewa peremende badala ya chenji yake. Pale ambapo bei haiwezi kupanda kwa kiasi kidogo, bidhaa hupungua. Hamri la shilingi kumi hubaki la shilingi kumi huku likizidi kuwa dogo, mpaka siku bei inaporuka kwa mara moja.

M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, imepunguza sehemu ya uonevu huo, maana ukidaiwa shilingi 87 unalipa 87 kamili bila kutafutiana chenji. Na senti zenyewe hazijafa kwenye hesabu. Kila mwezi bei ya lita ya petroli hutangazwa pamoja na senti zake, na Mombasa huwa nafuu kuliko Nairobi kwa sababu mafuta hushukia bandarini kwetu. Lakini mwendesha bodaboda haulizi lita moja. Husema, "Tia ya mia mbili," na pampu humhesabia mafuta mpaka tone la mwisho la mia mbili yake. Tokeni za umeme ni vivyo hivyo: unataja fedha, mita inakupa yuniti na sehemu zake. Kazi iliyofanywa na sumni na peni, ya kulinganisha malipo na kitu kilichonunuliwa, sasa inafanywa na kipimo cha bidhaa yenyewe.