Mafuta ya kwenye ini hayakutoka kwenye kikaango

Jumatano iliyopita mama mmoja wa miaka hamsini na kitu aliingia kliniki na bahasha yake ya altrasaundi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na hata kabla hajakaa vizuri akasema: "Daktari, mafuta nimeyaacha kabisa. Mwezi wa nne huu, hata tone." Mboga anachemsha, samaki anachemsha, tui la nazi haligusi. Kituoni alikopimwa mara ya kwanza aliambiwa ini lina mafuta, akaandikiwa kwenye karatasi: acha mafuta.

Nikamuuliza anakunywa nini. Chai vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja sukari vijiko vitatu. Mchana juisi ya boksi, kwa sababu jirani alimwambia matunda yanasafisha ini. Nikampandisha kwenye mzani: kaongezeka kilo mbili.

Yeye hana kosa hata chembe. Ametekeleza alichoambiwa kwa nidhamu ambayo wagonjwa wangu wengi hawana. Waliokosea ni sisi tunaovaa makoti meupe, na mwaka huu nimekwishaisikia hadithi hii mara nyingi kiasi kwamba siwezi tena kuinyamazia.

Jina la ugonjwa ndilo linalopotosha. Mtu akisikia "mafuta kwenye ini" akili inakimbilia jikoni, kana kwamba mafuta ya kupikia yalipita tumboni yakaenda kugandia kwenye ini. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambao wagonjwa walipewa virutubisho vilivyowekewa alama, kisha kikachukuliwa kipande cha ini kuona mafuta yale yametoka wapi. Takriban asilimia 59 yalitoka kwenye akiba ya mafuta ya mwili wenyewe. Asilimia 26 ini lilijitengenezea. Yaliyotoka moja kwa moja kwenye chakula yalikuwa asilimia 15. Waliopimwa walikuwa watu tisa tu, wote wanene, kwa hiyo tarakimu hizo sizishikilii kama msahafu. Mwelekeo wake ndio ninaouamini.

Insulini, pamoja na kazi yake ya kushusha sukari, huyazuia mafuta yaliyohifadhiwa mwilini yasitoke ovyo. Mwili ukishakuwa sugu kwa insulini, mafuta yanavuja kwenye damu usiku na mchana na ini linayapokea. Wakati huohuo ini linaendelea kugeuza sukari kuwa mafuta. Nusu ya sukari ya mezani ni fruktosi, na fruktosi nyingi huishia kwenye ini. Chupa ya soda ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari. Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 25 kwa siku nzima. Mama yule, kwa chai peke yake, alikuwa ameshavuka kabla juisi haijafunguliwa.

Sasa, msinielewe vibaya mkaenda kula chipsi kila jioni. Mafuta yana nishati nyingi, na nishati inayozidi ndiyo inayojaza hiyo akiba. Tena kuna jambo linalonisumbua, na afadhali niliseme. Mwaka 2018 watafiti wa Finland waliwalisha watu 38 kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki tatu. Waliopewa mafuta yanayoganda, yaani siagi, jibini na mafuta ya nazi, mafuta ya ini yaliongezeka kwa asilimia 55. Wa sukari asilimia 33. Wa mafuta laini kama ya zeituni asilimia 15. Kwa hiyo aina ya mafuta ina maana, na sisi watu wa pwani na tui letu inabidi tusikilize. Lakini wale walishibishwa kupita kiasi makusudi. Bwana anayekula samaki wa kupaka mara moja kwa wiki, nimwambie nini? Mimi namwambia ale, ila wali apunguze. Huo ni uamuzi wangu, hakuna kitabu kilichonipa.

Wanaosema "mimi sinywi pombe" nitawajibu kwa haraka: ndiyo, ugonjwa huu unaweza kuupata bila kuonja hata bia moja. Kisukari, presha, kiuno kinachozidi sentimita 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke vinatosha kutushtua.

Kuhusu hiyo altrasaundi. Kwenye skrini tunaliweka ini kando ya figo ya kulia. Vyote viwili hukaribiana weupe; ini likiwa limeng'aa kuliko figo, tunasema lina mafuta. Basi. Mafuta machache kipimo hicho hakiyaoni, na makovu ya mwanzo, ambayo ndiyo yanayoamua nani atafika kwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, hakiyaoni pia. Kwa makovu tunapiga hesabu ya FIB-4, inayotumia umri, vimeng'enya viwili vya ini na idadi ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Matokeo chini ya 1.3 yanatupa nafuu. Ila malaria inashusha chembe sahani, na kichocho cha tumbo kikishavimbisha bandama kinazishusha pia, na zikipungua hesabu hupanda hata kama ini halina makovu. Hesabu ikinipandia kwa mtu wa Kanda ya Ziwa huwa naisoma mara mbili. Na ini likiwa na mafuta, bado pima homa ya ini B. Saratani ya ini kwetu huletwa zaidi na kirusi hicho na sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi, na watu wazima wengi wa leo walizaliwa kabla chanjo ya kirusi hicho haijaingia kliniki za watoto.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tunamwachia mgonjwa mmoja mmoja mzigo wa nchi nzima. Afrika Kusini tangu Aprili 2018 inatoza kodi kwa kila gramu ya sukari inayozidi 4 katika mililita 100 za kinywaji, na watengenezaji wakaanza kupunguza sukari wenyewe. Sisi niliwahi kukaa kwenye semina ya magonjwa yasiyoambukiza, siku mbili, na kila mapumziko tuliletewa soda na maandazi. Maji ilibidi uyaombe. Nililalamika, nikaambiwa bajeti ya "viburudisho" ndivyo ilivyoandikwa.

Mama yule sukari ya damu ilikuwa juu, homa ya ini B hana. Ana kilo 86. Akipunguza kilo nne, mafuta ya ini yataanza kupungua. Akifika nane, hata uvimbe wa ini una nafasi ya kutulia. Tukakubaliana juisi iishe, sukari kwenye chai ishuke hadi nusu kijiko, na jioni atembee hadi sokoni na kurudi.

"Na mafuta?" akaniuliza.

"Mama, kaangia kitunguu chako. Kijiko kimoja cha alizeti."

Akacheka, kisha akatoa karatasi nyingine kwenye pochi. "Baba watoto naye kapewa hii." Maandishi yaleyale: acha mafuta. Ni dereva wa lori, njiani anakunywa soda tatu. Nikamwambia amlete Jumatano ijayo, asubuhi, kabla hajanywa chai.