Kadi Yako ya Zamani Haijafa, Imenyimwa Umeme

Kadi za sauti za PCI, aina ya zamani ya sloti ya kuchomekea kadi ndani ya kompyuta, bado zinaingia kwenye meza yangu hapa Mwembe Tayari, Mombasa, nyingi zimefungwa kwa gazeti. Wanaozileta si wacheza gemu. Ni watu wa sauti: vijana wenye studio ndogo kule Kisauni na Likoni, wapiga kinanda wa harusi, na wazee wenye masanduku ya kanda za taarabu ambao wanataka kuzihamishia kwenye kompyuta kabla unyevu wa pwani haujazimaliza. Wamenunua kompyuta mpya, wameifungua, hawaoni pa kuichomeka kadi.

Kadi nyingi za aina hiyo zinaweza kufanya kazi. Tabu ni umeme kwanza, halafu draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi. Sloti yenyewe ni jambo dogo.

Tuimalize basi hiyo sloti. PCI ilitoka mwaka 1992, na PCI Express ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 2000. Majina yanafanana lakini hazichomekani. Kuanzia 2011 hivi Intel ilianza kuiondoa PCI kwenye chipseti zake (chipu zinazoratibu kompyuta) za kompyuta za nyumbani, na madabodi, vile vibao vikuu, zilizoendelea kuwa na sloti hiyo, chache zikafika hadi kizazi cha soketi ya prosesa ya LGA1151, ziliipata kupitia chipu ya daraja, inayotafsiri kati ya PCI na PCI Express. Kama yako haina kabisa, unanunua adapta yenye chipu hiyohiyo ya daraja, unaichomeka kwenye sloti fupi ya PCI Express x1. Kasi si tatizo: njia moja ya PCI Express ya kizazi cha kwanza hupitisha megabaiti 250 kwa sekunde, na PCI nzima ya kawaida mwisho wake ni 133.

Adapta zipo za namna mbili. Ya kwanza husimama wima na kadi hukaa juu yake, kwa hiyo kadi inapanda juu na bamba lake halifikii tena tundu la skrubu kwenye kasha. Ya pili ina kebo, na kibao chenye sloti ya PCI kinakaa pembeni. Mimi napenda ya kebo. Ila tahadhari: kebo hiyo mara nyingi ni sawasawa na ya USB 3.0 kwa sura, lakini kinachopita ndani si USB. Usithubutu kuichomeka kwenye tundu la USB la kompyuta.

Sasa umeme. Sloti ya PCI ilikuwa ikitoa volti 5, volti 3.3, volti 12, na volti 12 hasi. PCI Express inatoa 12 na 3.3 basi. Zile volti 5, adapta huzichukua kutoka kwenye plagi ya pini nne, ile ya diski za zamani. Lakini plagi hiyo haina volti 12 hasi. Kwenye pawasaplai ya kawaida ya ATX, volti hizo hupita kwenye waya mmoja tu, wa buluu, pini ya 14 ya plagi kubwa ya pini 24. Pawasaplai za mtindo mpya wa ATX12VO hazina hata huo.

Adapta nzuri huzitengeneza zenyewe volti 12 hasi kwa saketi ndogo. Adapta ya bei ya chini huiacha pini ile tupu na wala haisemi popote. Nani anaumia? Kadi za studio. Baadhi yake hutumia 12 chanya na 12 hasi kulisha vikuza sauti vya upande wa analogi, ili wimbi lipate nafasi ya kupanda na kushuka. Ukiinyima upande wa hasi, chipu za dijitali hazina habari: kompyuta inaiona kadi, draiva inaingia, mishale ya sauti inacheza kwenye skrini, na kwenye spika unapata ukimya au sauti iliyokwaruzika. Hapo ndipo watu huitupa kadi.

Mzee mmoja wa Kibokoni aliniletea yake akiwa amekwisha kata tamaa. "Mwanangu, hii imekufa, sivyo?" Nikamwambia, "Haijafa, mzee wangu, imenyimwa umeme wake." Nikamwonyesha kwa mita. Waya mweusi wa mita kwenye chuma cha kasha, mwekundu kwenye pini B1 ya sloti ya PCI, ile ya mwanzo kabisa upande wa bamba. Ukigeuza kibao, nyuma kwenye risasi ya kulehemu ni rahisi zaidi kugusa bila kuunganisha pini mbili. Mita ilitakiwa isome kati ya -10.8 na -13.2. Ilisoma sifuri. Tulibadilisha adapta, tukaiacha kadi kama ilivyo, na spika zikaimba.

Kabla ya kuichomeka, tazama pia mapengo kwenye meno ya kadi. Pengo lililo mbali na bamba ni la volti 5, lililo karibu na bamba ni la 3.3, na kadi yenye yote mawili inakubali kotekote. Sloti za kompyuta za mezani karibu zote ni za volti 5. Meno yenyewe, kwa hewa yetu ya chumvi, huwa yamefanya ukungu wa kijani. Pangusa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Mafundi wengi hapa mjini husugua kwa raba ya penseli mpaka dhahabu inakwisha, na shaba ikibaki wazi pwani hii haichukui muda kuoza.

Kwenye draiva, naegemea Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows, waziwazi. Kadi kama M-Audio Audiophile 2496 hutumia chipu ya Envy24, na draiva yake, snd-ice1712, imo ndani ya Linux tayari. Sound Blaster Live! na Audigy nyingi zina snd-emu10k1. Huko Windows, toleo la 11 ni la biti 64 pekee, na ulinzi wake wa kumbukumbu hukataa draiva nyingi za zamani. Unaweza kuuzima, lakini kwa kompyuta inayoingia intaneti siwezi kukushauri hivyo.

Linux nayo ina kidonda chake: chipu ya daraja ASM1083 ya ASMedia. Huwa inapoteza ujumbe wa kuzima ombi la kadi la kuhudumiwa na prosesa, Linux inaona ombi halikomi, inaifunga laini yote, na sauti iliyokuwa safi inaanza kukatikakatika. Uliza chipu kabla ya kulipa.

Je, kila kadi inastahili gharama hii? La. Sound Blaster Live! ya 1998 ndani yake huendesha kila kitu kwa kasi ya sampuli ya kilohezi 48, na rekodi ya kilohezi 44.1 hugeuzwa utake usitake, kwa hiyo kwa kanda ningenunua kifaa cha sauti cha USB. Za ISA, sloti iliyotangulia PCI, kama Sound Blaster 16 ya 1992, waachie wenye kompyuta za enzi zake. Audiophile ni habari nyingine: matundu yake ya RCA yanapokea deki ya kanda moja kwa moja, kwa biti 24.

Ukianza kurekodi na ukasikia mvumo mzito chini ya muziki, usiilaumu kadi bado. Nyumba nyingi za Mji wa Kale umeme wake hauna waya wa ardhi wa kutegemewa. Chomeka deki na kompyuta kwenye ekstensheni moja, usikilize tena.