Kupinga ushahidi wa mlalamishi usipokelewe: maana yake

Kwenye mahakama za Mombasa, iwe Shanzu au mjini, mshtakiwa asiye na wakili mara nyingi husema, "Mheshimiwa, huyu anadanganya," akadhani amepinga ushahidi. Bado hajaupinga. Amesema tu kwamba usiaminiwe. Kupinga usipokelewe ni kumwambia hakimu kwamba jambo hili, liwe kweli au uongo, sheria hairuhusu liingie katika kesi.

Tuseme mwenye duka la simu Likoni amemshtaki kijana wake wa kazi kwa wizi. Anaanza: "Jirani aliniambia amemwona akitoka na katoni." Hayo ni ya kuambiwa. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinataka aliyeona kwa macho yake ndiye aje aseme. Jirani hayupo, sasa utetezi umhoji nani?

Kisha anatoa karatasi alizochapisha saiba, duka la kompyuta na intaneti: picha za mazungumzo ya WhatsApp. Kifungu cha 106B hakizikatai, ila kinataka cheti kinachotambulisha rekodi yenyewe, kinachoeleza ilivyotolewa na kwa kifaa gani, na kutiwa sahihi na mhusika. Cheti hakuna? Wakili wa mshtakiwa anasimama kupinga kabla karatasi hazijapokelewa kama kielelezo. Zikishapokelewa bila neno, kuzitoa ni kazi ngumu, na hapa ndipo wasio na wakili huumia.

Halafu linakuja zito: "Alikiri mwenyewe mbele ya wapangaji wote." Walalamishi hulitegemea sana hili, na ndilo dhaifu kuliko yote. Kifungu cha 25A kinasema ungamo halitumiki dhidi ya mshtakiwa ila liwe limetolewa mahakamani mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa, asiyekuwa mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshtakiwa mwenyewe. Wapangaji hawamo. Na ungamo la polisi likidaiwa kutolewa kwa kipigo, hakimu husimamisha kesi kuu na kusikiza kwanza suala hilo peke yake. Mawakili huiita kesi ndani ya kesi.

Juu ya yote kuna Katiba ya 2010. Ibara ya 50(4) inaondoa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu, lakini si moja kwa moja: ni pale tu kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutaharibu utoaji wa haki. Ibara ya 50 pia inampa mshtakiwa haki ya kujulishwa mapema ushahidi utakaotumika. Aombe taarifa za mashahidi, azisome kabla ya siku ya kusikizwa.

Mlalamishi akiwaambia polisi "saa mbili usiku" na mahakamani "alfajiri", hilo si la kupinga kupokelewa. Ni la kumbana kwa maswali, lipunguze uzito wa maneno yake. Na pingamizi likishinda, kesi haijaisha: upande wa mashtaka bado waweza kumwita yule jirani.