Je, wajua ukuta wa nyumba ulimwangukiaje Buster Keaton bila kumdhuru?

Kimbunga kinapiga mji. Kijana mfupi amesimama katikati ya barabara akijipapasa shingo, ametunduwaa. Nyuma yake ukuta mzima wa mbele wa nyumba ya ghorofa unachomoka na kumwangukia. Vumbi linatimka, na kijana bado amesimama palepale: dirisha la juu lilikuwa wazi, likampitia kichwani hadi chini. Anageuka, anaona kilichotokea, anatimua mbio.

Tukio hilo limo katika “Steamboat Bill, Jr.”, filamu isiyo na sauti ya mwaka 1928, na kijana huyo ni Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu wa Marekani. Wengi wanaoliona leo hudhani ni ujanja wa kamera. Sivyo. Ukuta ulianguka kweli, naye alikuwa chini yake kweli.

Mji huo wa kuigiza ulijengwa kando ya mto Sacramento, California. Ukuta ulitiwa bawaba upande wa chini, ili ukiachiwa uanguke kwa kufuata njia moja tu, mithili ya mlango uliolazwa. Kabla haujamalizika ulilazwa chini na dirisha likapimwa kwa mwili wa Keaton mwenyewe. Alibakiziwa nafasi ya inchi 2 hivi, yaani kama sentimita 5, kila upande wa mabega, na kiasi hichohicho kichwani na visiginoni. Pale visigino vyake vitakapokaa pakapigiliwa misumari mikubwa ardhini. Kisha ukuta ukasimamishwa tena, ukapakwa rangi na kukamilishwa.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa upepo. Kimbunga hicho kilitengenezwa kwa mashine 6 zenye injini za ndege, na upepo ulitakiwa uonekane mbele na nyuma ya nyumba. Lakini ungegusa ukuta wakati unaanguka, ukuta ungepinda na dirisha lingekosa shabaha. Basi mashine zikaelekezwa kwa uangalifu ili ukuta wenyewe usiguswe kabisa. Ndiyo maana pia haukujengwa kwa mbao nyepesi. Kwa kawaida hutajwa kuwa na uzito wa tani 2 hivi. Jambo kama hilo halina marudio, na lilipigwa picha mara moja tu.

Lakini kwa nini tunacheka badala ya kuogopa? Kwanza, kamera imesimama mbali kiasi cha kuonyesha nyumba nzima na mtu mzima kwa pamoja, bila kukata picha. Sisi tunauona ukuta ukija, yeye hauoni. Pili, uso wake. Keaton, aliyezaliwa Kansas mwaka 1895, alikulia jukwaani na wazazi wake. Katika mchezo wao baba alimrusha huku na kule, na nguo zake zilishonewa mpini wa sanduku ili apate pa kumshikia. Akiwa bado mtoto aligundua kwamba akicheka yeye, watazamaji hawacheki sana. Akikaza uso, ukumbi unavunjika mbavu. Hakuiacha kanuni hiyo katika filamu zake kubwa. Mwigizaji asiyetuambia kwa uso wake kwamba jambo linachekesha hutuachia kazi hiyo sisi wenyewe, na kwangu hapo ndipo alipowapita wenzake wengi.

Tatu ni uzito, na hili naliona ndilo kubwa. Kichekesho cha ukuta na dirisha hakikuwa kipya. Mwaka 1919, katika “Back Stage”, filamu aliyocheza pamoja na Roscoe Arbuckle, pazia la jukwaani lenye picha ya nyumba lilimwangukia Arbuckle kwa namna hiyohiyo. Mwaka 1920, katika “One Week”, Keaton mwenyewe aliangukiwa na ukuta wa nyumba aliyokuwa akiijenga. Zitazame hizo mbili, kisha utazame ule wa 1928. Wazo halijabadilika hata kidogo, ila mara hii ukuta unapogonga ardhi unajua bila kuambiwa kwamba angekosea hatua moja angekufa, na kicheko kinatoka pamoja na pumzi uliyokuwa umeibana.