Bibi hajashindwa kupona, tatizo mguu haujabanwa

Karibu kila wiki naletewa bibi au babu mwenye kidonda mguuni halafu ndugu zake wananiambia sista, huyu kashazeeka, hiki hakiponi tena. Inaniuma sana, maana ukiuliza unakuta mwaka mzima kimemwagiwa unga wa kapsuli za rangi mbili tu, bandeji ya kubana hajafungwa hata siku moja.

Wengi ninaowahudumia hapa Mwanza ni kinamama waliosimama miaka na miaka pale Mwaloni Kirumba wakiuza dagaa. Kidonda kinakaa upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo, ngozi ya pembeni imekuwa nyeusi na ngumu, jioni mguu umevimba. Hajategwa uchawi mtu hapo. Vali za vena, yaani vilango ndani ya mishipa inayorudisha damu, zimelegea, damu ya kupanda kwenda moyoni inarudi chini, na ukisimama tuli presha ya vena kifundoni inafika kama milimita 80 hadi 90 za zebaki. Ukitembea kigimbi kinaikamua damu juu, presha inashuka.

Uzee upo kweli, sikatai. Seli za kujenga nyama mpya zinachoka, zingine haziongezeki tena ila zinaendelea kutoa kemikali zinazokula hata ile nyama kidogo iliyojengwa. Lakini mimi naona kikubwa ni kigimbi, kinasinyaa, kifundo kinakakamaa, bibi anashinda kwenye kiti kutwa nzima basi pampu ndo imezima hivyo, halafu nyumbani samaki wanapewa watoto yeye anabaki na ugali na mchuzi wakati protini anaihitaji yeye!

Kidonda cha miezi miwili kwa bibi wa miaka 80 kinanipa matumaini kuliko kikubwa cha miaka mitatu kwa mtu wa 50. Tiba ni kubana, presha kama 40 kifundoni, inapungua kuelekea gotini. Ila wazee wengi mishipa ya ateri, ile inayoleta damu mguuni, nayo imeziba, kwa hiyo kwanza tunapima kwa dopla, kifaa cha kusikiliza damu inavyopita, presha ya kifundo tunaigawa kwa ya mkono, ikiwa chini ya 0.8 usibane kwa nguvu mpaka daktari aone, unaweza kuua mguu.

Bibi mmoja kidonda chake kilifunga baada ya miezi mitano, siku hiyohiyo akataka kuacha soksi za kubana. Nikamwambia bibi, shikamoo, naomba uvae tu, ngozi imefunga lakini vali ni zilezile.